Abul-Qasim al-Zahrawi, Mpasuaji wa Andalusi

Maradhi ya pua hudharauliwa sana. Aliyevunjika mguu huonewa huruma, lakini aliyezibwa pua mwaka mzima, apumuaye kwa kinywa na kukoroma usiku kucha, huchekwa na wenzake bwenini. Katika mabingwa wa kale ambao hawakulidharau jambo hili yumo Abul-Qasim Khalaf bin Abbas al-Zahrawi, na maisha yake yatufaa sisi tulio masomoni.

Alizaliwa karibu na mwaka 936 katika Madinat al-Zahra, mji ulio kiasi cha kilometa 8 kutoka Cordoba, katika nchi ya Andalusi ambayo leo ni kusini ya Hispania. Mji huo ulijengwa na Khalifa Abdulrahman wa Tatu, na ndio uliompa tabibu huyu jina lake. Habari za ujana wake ni chache. Twamjua zaidi kwa kazi yake. Aliganga watu kwa muda wa miaka ipatayo 50, na mnamo mwaka 1000 akamaliza kitabu kikubwa kiitwacho Al-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho yahusu upasuaji, nayo ina michoro ya zana zipatazo 200: visu, ndoana, misumeno na koleo. Alisikitika kuona watu wakishika kisu bila kuijua mishipa na mifupa, hata wakawaua wagonjwa wao.

Sasa tutazame jinsi alivyotibu vinyama viotavyo puani. Wayunani wa kale waliviita kwa jina lile lile la pweza, maana yake mwenye miguu mingi. Sisi wa pwani twaelewa upesi: pweza aliyejishikiza mwambani hatoki kwa kuvutwa kwa pupa.

Mgonjwa aliketishwa akielekea jua, mwanga upate kuingia puani. Tabibu alipanua tundu la pua, akakinasa kinyama kwa ndoana, akakivuta nje na kukikata kwa kisu kikali. Kisha alimimina siki na maji puani. Yakishuka mpaka kooni, njia ilikuwa wazi. Yasiposhuka, alijua kwamba juu zaidi, mahali kisu kisipofika, kumebaki kinyama kingine. Hapo alichukua uzi wa kitani, akaupiga mafundo. Uzi uliingizwa puani, mgonjwa akauvuta kwa pumzi hata ukafika kooni na kutolewa kwa kinywa. Ncha moja ikiwa puani na ya pili kinywani, uzi ulivutwa huku na huku, mafundo yakakata nyama kama meno ya msumeno. Mwisho alitia utambi wenye dawa. Haya yote yalifanyika bila dawa ya usingizi kama tuijuayo leo, kwani upasuaji wa namna hiyo ulionyeshwa hadharani mwaka 1846.

Njia ya uzi hakuibuni yeye. Paulo wa Aegina, tabibu Myunani wa karne ya 7, alikwisha kuiandika. Al-Zahrawi alisoma kazi za waliomtangulia, akazitia katika matendo, akawaeleza watakaomfuata. Tena alionya kwamba uvimbe wa puani ulio mgumu, mweusi, usio na maumivu, usiguswe kwa chuma, kwa sababu huo ni saratani. Kwa zana za siku zile, kuukata kulikuwa kumwongezea mgonjwa mateso.

Alifariki karibu na mwaka 1013. Kabla ya hapo, mnamo mwaka 1010, mji wake uliporwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hata leo ni magofu. Sisi tuyajuao magofu ya Kilwa Kisiwani, mji uliotekwa na kuporwa na Wareno mwaka 1505, twajua maana ya jambo hilo. Lakini kitabu hakikuporwa. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na wapasuaji wa Ulaya wakaitumia kwa karne nyingi.

Siku hizi mafua na uvimbe wa mapango ya mifupa ya uso yakizidi wiki 12 huhesabiwa kuwa maradhi sugu. Hutibiwa kwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, na kwa dawa ya kupuliza ipunguzayo uvimbe. Yasiposikia dawa, daktari hupasua akitazama kwa mrija mwembamba wenye taa, ambayo imeshika mahali pa jua la al-Zahrawi. Vinyama hivyo kwa kawaida si saratani, ila hupenda kurudi. Hata hivyo, uvimbe ulio upande mmoja tu, au utoao damu, uonyeshwe daktari mapema.

Basi tusimcheke mwenzetu anayekoroma. Tumshauri aende hospitali. Nasi tutakaokuwa waganga kesho, tujifunze kwa mzee huyu mambo mawili: kujua wakati wa kukizuia kisu, na kuyaandika tuyajuayo ili wengine wapone baada yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne