Betty Snowball: Mlinda wiketi aliyejilipia nauli kuichezea Uingereza

Mwaka 1934, timu ya wanawake ya kriketi ya Uingereza ilipojiandaa kwenda Australia, kila mchezaji alitakiwa kutoa nauli ya meli mfukoni mwake. Mshahara haukuwapo. Wenyeji walitoa malazi, basi. Mwenye kipaji asiye na fedha alibaki nyumbani, kwa hiyo haikuwa timu ya wanawake bora wote wa nchi ile, bali ya waliomudu kusafiri. Miongoni mwao alikuwamo Betty Snowball, mlinda wiketi mwenye umri wa miaka 26.

Alizaliwa Julai 9, 1908, mjini Burnley, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa mtu wa michezo mingi; aliichezea Scotland skwoshi na pia lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye nyavu. Katika kriketi alifundishwa na Learie Constantine, mtu mweusi kutoka Trinidad aliyekuwa akicheza kwa malipo katika klabu ya Nelson, mji jirani na Burnley. Constantine huyo ndiye aliyekuja kuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti katika Baraza la Malodi la Uingereza, mwaka 1969.

Waliowahi kupita Lugogo mjini Kampala au Gahanga mjini Kigali siku ya mechi wameona vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji. Mlinda wiketi huchuchumaa nyuma ya vijiti hivyo, amevaa glavu, na kila mpira anaoukosa mpigaji ni wake. Mpigaji akitoka nje ya mstari wake akaukosa mpira, mlinzi huyo huudaka na kuviangusha vijiti kabla mwenzake hajarudi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na Snowball aliifanya vizuri kiasi kwamba magazeti yalimlinganisha na Bert Oldfield, mlinda wiketi mashuhuri wa timu ya wanaume ya Australia.

Mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya wanawake ya aina ya Testi, ile inayochukua siku kadhaa, ilianza mjini Brisbane Desemba 28, 1934. Wanaume wa nchi hizo mbili walikuwa wameachana kwa uhasama msimu wa 1932-33, baada ya Waingereza kurusha mipira iliyolenga miili ya wapigaji. Wanawake walifika wakiwa na sketi nyeupe na soksi ndefu. Myrtle Maclagan, aliyekuwa akifungua upigaji pamoja na Snowball, aliwatoa wapigaji saba, na Australia wakaishia mikimbio 47. Uingereza ilishinda mechi hiyo na iliyofuata mjini Sydney, kisha ikatoka sare Melbourne.

Kutoka hapo walivuka kwenda New Zealand. Mjini Christchurch, Februari 1935, wenyeji walitolewa wote kwa mikimbio 44. Snowball akashika gongo. Kwa dakika 222 alipata mikimbio 189, idadi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuifikia katika Testi. Uingereza ilifunga hesabu ikiwa na 503, na New Zealand waliporudi walipata 122 tu. Kusema kweli mechi haikuwa na ushindani, lakini mtu aliyebeba kazi ya kulinda wiketi hatarajiwi kupiga namna ile.

Australia walipokuja Uingereza mwaka 1937, mfululizo uliisha kwa ushindi mmoja kila upande. Katika uwanja wa The Oval, London, Snowball alifika mikimbio 99. Akiutafuta wa mia, vijiti viliangushwa kabla hajamaliza kukimbia.

Halafu vita vikaja. Kuanzia 1937 hadi 1948 hakucheza Testi hata moja, na hiyo ndiyo miaka ya kuanzia 29 hadi 40, ambayo mlinda wiketi huwa bado ana wepesi na tayari ana uzoefu. Hasara hiyo haionekani kwenye takwimu zake. Alirudi Australia na New Zealand msimu wa 1948-49, akiwa na miaka 40, na safari hiyo Australia ndio walioshinda mfululizo.

Alistaafu akiwa na Testi 10, mikimbio 613, mipira 13 aliyoidaka na wapigaji wanane aliowatoa kwa kuangusha vijiti.

Zile 189 zilikaa kileleni miaka 51. Mwaka 1986, mjini Worcester, Sandhya Agarwal wa India alipata 190 dhidi ya Uingereza. Snowball alikuwa bado hai. Alifariki Desemba 13, 1988, huko Colwall, kijiji ambako mwaka 1926 wanawake waliokutana kucheza kriketi walipata wazo la kuanzisha chama chao.