Orde-Browne: Mchunzaji Aliyekuwa Mtawala

Anayesafiri kutoka Embu kuelekea Chuka hupitia Runyenjes, katika miteremko ya Mlima Kenya aliyoichunza Granville St. John Orde-Browne. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1883, alikuwa mwanajeshi kabla ya kuingia katika utawala wa kikoloni. Waembu walikuwa wametiishwa kwa bunduki mwaka wa 1906. Mnamo 1913 yeye akafungua kituo cha serikali kule Chuka.

Aliishi karibu na Waembu, Wambeere na Wachuka, akatazama mila na desturi zao, kisha mwaka wa 1925 akachapisha The Vanishing Tribes of Kenya. Je, tumwite mchunzaji mshiriki? Binafsi nasita. Huyu aliyekuwa akitazama ndiye aliyeiwakilisha serikali iliyotoza kodi na kuadhibu. Mzee aliyeulizwa leo kuhusu kiapo angeweza kesho kusimama mbele yake kama mshtakiwa. Angefichua nini? Kimya cha mzee huyo nacho ni data, ila hakiingii daftarini kwa urahisi.

Hata anwani ya kitabu ilikosea, kwani jamii hizo hazikutoweka. Kiembu kingali kinasemwa Runyenjes. Hata hivyo, mtafiti wa historia ya eneo hili hana budi kukisoma, maana maandishi ya wakati ule ni haba mno.

Kuanzia 1926 hadi 1931 Orde-Browne alikuwa kamishna wa kazi Tanganyika, na mwaka wa 1938 akateuliwa mshauri wa Wizara ya Makoloni kuhusu wafanyakazi. Alifariki mwaka wa 1947.