Edmond Thieffry: siku 51 toka Bruxelles mpaka Léopoldville

Leo ndege ya abiria inatoka Bruxelles na kufika Kinshasa kwa masaa karibu 8. Mwaka wa 1925 ile safari ilikula siku 51. Aliyeifungua njia ni Mbelgiji Edmond Thieffry, na habari yake inagusa pia mashariki ya Kongo, sababu ni huku maisha yake yalimalizikia.

Thieffry alizaliwa mwaka wa 1892 kule Etterbeek, Bruxelles. Alisoma sheria, akawa avoka. Katika vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walimkamata, lakini akatoroka na pikipiki mpaka Uholanzi. Kisha akajifunza kurusha ndege, akahesabiwa kuangusha ndege 10 za adui, mpaka naye akaangushwa na kufungwa tena.

Vita ilipoisha alirudia kazi ya avoka, lakini mawazo yake yalibaki angani. Wakati ule mtu wa Ubelgiji alipanda meli Antwerpen, akafika Matadi kisha wiki kama tatu, na pale akachukua treni ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Thieffry aliamini ndege inaweza kuimaliza hiyo safari kwa siku chache tu.

Tarehe 12 mwezi wa pili 1925, aliondoka Bruxelles pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker, ndani ya Handley Page ya moteri tatu. Walipitia Ufaransa, Hispania, Algeria, jangwa la Sahara, Niger, Chad na Bangui. Walitua Léopoldville tarehe 3 mwezi wa nne, kisha njia ya kilometa zaidi ya 8,000.

Masaa waliyokaa hewani yalikuwa 75 hivi, ni kusema siku tatu na kidogo. Siku zingine zote ziliishia chini: kutengeneza ndege, kupumzika, kungojea. Kumbe meli ingefika mbele yao! Lakini hiyo safari ilionyesha wazi kwamba umbali wenyewe si kizuizi. Kilichokosekana ni viwanja, mafuta na vipande vya kubadilisha njiani. Vilipopatikana, Sabena ilianzisha safari za kawaida mwaka wa 1935, kwa siku tano na nusu, na ndege ya kwanza ilibeba jina la Thieffry.

Mwenyewe hakuiona. Mwaka wa 1928 alijaribu tena kufika Kongo kwa ndege, akashindwa. Mwaka uliofuata alikuja kuchunguza namna ndege zinaweza kuunganisha miji ya ndani ya inchi. Tarehe 11 mwezi wa nne 1929, ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika, akafa. Alikuwa na miaka 36. Kule Etterbeek, kituo kimoja cha metro kinaitwa Thieffry mpaka leo.

Ile kazi aliyoacha katikati ingali inawahusu watu wa huku. Goma na Kinshasa zinaachana kilometa kama 1,600 kwa mstari ulionyooka, masaa machache tu kwa ndege. Lakini uwanja ukifungwa, ile hesabu ya masaa haisaidii tena: msafiri anarudi kuhesabu siku, sawa Thieffry.