Richard Sears: Stesheni masta aliyeuza saa kwa barua

MFANYABIASHARA wa mazao wa Sumbawanga anayetafuta wanunuzi wa maharage 50 katika miji ya Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam hawezi kupanda basi kumfuata kila mmoja. Anachoweza ni kuwaandikia, kwa baruapepe au kwa simu. Lakini ujumbe mmoja uliotumwa kwa wote mara nyingi hausomwi, na kuandika 50 tofauti kunamaliza siku nzima.

Tatizo hilo lilimkabili pia Mmarekani Richard Warren Sears zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jinsi alivyolitatua kulimtajirisha.

Sears alizaliwa Desemba 7, 1863 katika mji mdogo wa Stewartville, jimbo la Minnesota. Akiwa kijana aliajiriwa na shirika la reli, akawa stesheni masta wa North Redwood, mahali pa wakulima. Pembeni aliuza mbao na makaa ya mawe.

Mwaka 1886 sonara wa eneo hilo alikataa kupokea shehena ya saa za mfukoni iliyotumwa kutoka Chicago. Sears alikubaliana na wenye mali kuzichukua kwa dola 12 kila moja. Kisha akawaandikia stesheni masta wenzake kwenye njia ya reli, akiwapa kila saa kwa dola 14. Wao wangeuza kwa bei waliyoweza na ziada ingekuwa yao.

Barua hizo ziliwagusa kwa sababu aliyeandika aliijua kazi yao. Tangu Novemba 1883 reli za Marekani zilikuwa zikitumia saa za kanda, hivyo saa sahihi ilihitajika kila stesheni. Sears alijua pia kipato chao na hamu yao ya kuongeza kidogo. Kwa kuwa wote walikuwa na haja moja, barua moja iliyoandikwa vizuri ilitosha kwa wengi.

Katika miezi sita hivi alipata takriban dola 5,000. Aliacha reli, akafungua kampuni ya saa mjini Minneapolis, na mwaka 1887 akahamia Chicago, ambako alimwajiri fundi saa Alvah Roebuck. Kufikia 1893 kampuni yao iliitwa Sears, Roebuck and Company.

Aligeukia wakulima

Wateja wakubwa wa kampuni hiyo walikuwa wakulima waliokaa mbali na maduka. Walitumiwa katalogi, yaani kitabu cha picha na bei za bidhaa, na waliruhusiwa kuandika kwa lugha yoyote, hata kwa mwandiko mbaya.

Mwaka 1905 Sears alibuni mbinu nyingine katika jimbo la Iowa. Aliwaandikia wateja wake wazuri, akamwomba kila mmoja agawe katalogi 24 kwa jirani na rafiki, kisha arudishe majina ya waliopewa. Majirani hao walipoagiza bidhaa, aliyegawa alipata zawadi kulingana na mauzo. Kwa njia hiyo kampuni ilipata wateja wapya walioletewa katalogi na mtu wanayemfahamu. Mbinu hiyo ilipelekwa majimbo mengine.

Maneno matamu yana mwisho

Hata hivyo, kalamu ya Sears ilikuwa na kasoro. Matangazo yake yalizidisha sifa za bidhaa. Julius Rosenwald, aliyejiunga na kampuni mwaka 1895, alisisitiza kuwa bidhaa ilingane na maelezo. Biashara ilipodorora mwaka 1907, Sears alitaka matangazo zaidi, Rosenwald akataka kupunguza gharama. Sears alijiuzulu mwaka 1908 na akafariki Septemba 28, 1914, akiwa na umri wa miaka 50. Katalogi kuu ya kampuni ilidumu hadi 1993.

Somo kwa Ufipa

Mkulima wa Laela, Matai au Namanyere anaweza kuanza na daftari. Andika jina la kila mnunuzi, mji wake, zao analonunua, kiasi alichochukua mara ya mwisho na malalamiko yake. Kisha wagawe kwa makundi: wenye mashine za kusaga, wenye maduka, wenye hoteli.

Kila kundi liandikiwe ujumbe wake mmoja. Mwenye mashine anataka kujua unyevu wa mahindi na bei hadi mlangoni kwake. Mwenye hoteli anataka maharage yaliyochambuliwa. Mstari wa kwanza tu ndio ubadilishwe kwa kila mtu: jina lake na jambo moja linalomhusu kweli, kama vile magunia aliyonunua msimu uliopita. Programu za kompyuta huweza kuingiza majina yenyewe kutoka kwenye orodha, lakini jina likikosewa, ujumbe wote huharibika.

Mnunuzi aliyeridhika aombwe majina ya wenzake wawili au watatu. Na aliyeahidiwa gunia la kilo 100 la maharage safi apate kilo 100 safi. Akikuta mawe na takataka, barua ya pili hataifungua.