Marehemu Okot p'Bitek na Maneno ya Mafumbo

Mimi ni mzaliwa wa Oraba, katika Koboko, pale njia inapovuka kuingia Sudani Kusini. Siku moja darasani tulisoma kwa Kiingereza habari ya mzee aliyepiga ndoo teke. Nikanyosha mkono, nikamwuliza mwalimu kama ndoo ile ilikuwa na maji. Darasa zima likacheka, kwani Waingereza husema hivyo mtu akifa. Niliona haya, nikaacha kuuliza maswali kwa muda mrefu. Kilichonirudishia moyo ni maisha ya marehemu Okot p'Bitek, nami napenda kuwasimulieni.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake alisifiwa kwa nyimbo. Alisoma Gulu, kisha King's College, Budo. Mwaka 1953 alitoa hadithi kwa Kiacholi, jina lake Lak Tar, yaani meno meupe. Mgeni atadhani ni habari ya usafi wa kinywa. Kumbe ni methali: meno huonekana mtu akicheka, hata kama moyoni ana huzuni. Basi kila kabila lina ndoo yake.

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya mpira ya Uganda. Wenzake waliporudi, yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya mila za watu huko Oxford.

Baadaye aliandika habari moja ambayo sitaisahau. Mwaka 1911 mapadre wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba, kwa hiyo swali likawa ni nani aliyewafinyanga, kama chungu. Wazee wakashangaa, kwani mtu huzaliwa na mama yake. Waliposhurutishwa, mmoja akakumbuka ugonjwa unaomkunja mtu mgongo akawa na kibyongo. Pepo aletaye ugonjwa huo huitwa Rubanga. Basi akajibu kuwa ni Rubanga, na mapadre wakalichukua jina hilo kuwa la Mungu. Laiti wangaliuliza mara ya pili!

Mwaka 1966 kilitoka Nairobi kitabu chake cha Kiingereza, Song of Lawino. Ndani yake mwanamke wa kijijini anamlalamikia mume wake msomi anayedharau desturi za kwao. Okot hakuazima mafumbo ya Waingereza. Alitia yale ya Kiacholi kama yalivyo, kama methali inayokataza kung'oa boga katika kiwanja cha nyumba ya zamani, maana yake usiharibu mambo ya wazee. Sasa zamu ya kunyosha mkono ikawa ya Waingereza.

Aliongoza nyumba ya utamaduni ya taifa Kampala, akafundisha Nairobi miaka mingi, akarudi Makerere. Alifariki mwaka 1982.

Basi, ndugu wanafunzi, mkikuta maneno ya Kiingereza yasiyoingia akilini, msiyafasiri neno kwa neno. Tazameni habari yote, kisha tafuteni ya kwetu yanayofanana nayo. Nasi kwa Kiswahili husema fulani amepata jiko, na kumbe ameoa. Tena ulizeni, hata wakicheka. Kicheko cha darasani huisha siku ile ile, lakini kosa lisiloulizwa hukaa miaka mingi.