Ernest Starling na neno homoni

Sisi wa lugha hatuzoei kuandika maisha ya waganga. Nimemchagua Ernest Starling kwa sababu alipoona kitu kipya mwilini alikwenda kukitafutia jina, na jina hilo tunalo hata leo.

Alizaliwa London mwaka 1866, akasomea uganga katika hospitali ya Guy's. Mwenzake wa kazi, William Bayliss, alimwoa dada yake Gertrude. Maabara yao ilikuwa ya mashemeji.

Siku hizo Pavlov wa Urusi alifundisha kwamba kongosho hutoa maji yake kwa amri ya neva. Januari 1902, katika University College London, mashemeji hao walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa aliyetiwa dawa ya usingizi, wakamimina asidi ndani. Kongosho likatoa maji vilevile! Starling akakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, akaisaga kwa mchanga na asidi, wakaichuja na kuiingiza katika mshipa wa damu. Maji yakatoka tena. Basi amri ilikuwa imepita katika damu. Kitu hicho wakakiita sekretini. Pavlov naye alikubali, baada ya jaribio kurudiwa kwake.

Jina la sekretini lilitaja kitu kimoja tu. Vingine vya jamii yake havikuwa na jina la pamoja. Mtaalamu wa Kigiriki wa Cambridge akatoa kitenzi chenye maana ya kuchochea, na mwaka 1905 Starling akalitumia neno homoni katika mihadhara yake mbele ya waganga wa London. Hapo ndipo ninapompenda: mtu wa maabara kumwendea mtu wa lugha.

Tuzo ya Nobel hakuipata. Alifariki melini, Jamaica, mwaka 1927, miaka mingi kabla haijajulikana kwamba sekretini ni mnyororo wa asidi amino 27. Leo wanakemia huiunda wenyewe minyororo ya namna hiyo. Katika homoni nyingine ya utumbo, GLP-1, hubadilisha asidi amino moja karibu na mwanzo, ili kimeng'enya kisiikate upesi, na kuifunga mkia wa mafuta unaoshikamana na protini ya damu. Kisha hupima kama kipokezi kwenye seli bado kinaitambua. GLP-1 ya asili hudumu dakika chache. Semaglutidi, dawa ya kisukari iliyotengenezwa hivyo, hudungwa mara moja kwa juma.