Sheikh Abdulla Saleh Farsy: Aliyetufungulia Maana ya Aya

Ndugu askari wa Gisenyi na kwingineko, amri isiyofahamika haitekelezwi ipasavyo. Na ibada ni vivyo hivyo. Jambo hilo ndilo lililomshughulisha Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwalimu na mwanahistoria, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912.

Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki walihifadhi sura kwa Kiarabu bila kujua maana yake. Tafsiri za Kiswahili zilizotangulia, ya Padri Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ya Waahmadiyya ya mwaka 1953, hazikuwaridhisha wanavyuoni wa Kisunni. Farsy akashika kalamu, akatoa sehemu baada ya sehemu, hata mwaka 1969 "Qurani Takatifu" ikatoka nzima pamoja na maelezo yake.

Mwaka 1968 aliteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hakikumfunga mdomo: alizikemea mila alizoziona hazina msingi katika dini, ijapokuwa baadhi ya masheikh walimpinga.

Alifariki Oman mwaka 1982. Funzo alilotuachia ni hili: imani huimarika pale ulimi, akili na moyo vinaposimama mguu sawa mbele ya Mwenyezi Mungu.